Kubana na Kuachia

Kabla mpasuaji hajalikata ini, hutafuta kwanza tundu. Liko nyuma ya ukanda laini unaoliunganisha ini na mwanzo wa utumbo mdogo, upande wa kulia wa mwili, na upana wake unatosha kidole kimoja au viwili. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinaingia humo taratibu na kupita nyuma ya ukanda, gumba likabaki mbele. Kati ya vidole hivyo sasa kuna vitu vitatu: vena nene inayoleta damu kutoka utumboni, ateri ya ini inayodunda, na mrija wa nyongo. Mpasuaji anapitisha utepe wa pamba kuuzunguka ukanda, ncha zake mbili anazivutia ndani ya kipande cha mpira, kisha anausukuma mpira mpaka ukanda ubanike na mdundo wa ateri upotee. Muuguzi anaandika saa. Ini lililokuwa jekundu la kahawia dakika moja iliyopita linaanza kufifia na kuingia weusi wa zambarau.

Ufundi huu wa kubana damu na kuiachia una zaidi ya miaka 100. Una mwenzake ambaye macho hayamwoni, kipande cha RNA chenye herufi 22 tu, kinachofanya kazi ya namna hiyohiyo ndani ya seli za ini lenyewe. Waliomfahamu huyu wa pili hawakuwa wapasuaji. Walianzia kwa mnyoo mwenye urefu wa milimita moja. Nimewafuatilia wote wawili kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kustaajabu jinsi kazi zao zilivyokaribiana bila kupangwa.

Nianze na mkono. Mwaka 1908 James Hogarth Pringle, mpasuaji mzaliwa wa Australia aliyekuwa akifanya kazi Glasgow Royal Infirmary huko Scotland, alichapisha maelezo ya namna ya kuzuia damu kwa watu waliopasuka ini kwa ajali. Wazo lenyewe halikuzidi kile nilichoeleza hapo juu: bana ukanda kwa vidole, damu itulie, upate kuona unachoshona. Wagonjwa aliowapasua hawakuishi. Akaenda maabara, akajaribu kwa sungura, na sungura wakaishi. Kinachonigusa katika makala yake ni kwamba aliwaandika waliokufa. Mtu mwingine angesubiri apate mgonjwa mmoja wa kujivunia. Pringle aliona kwamba mbinu ilikuwa sahihi hata kama watu waliomfikia walikuwa wameshapoteza damu nyingi mno, akaiweka wazi ili wengine waiendeleze. Leo kila mpasuaji wa ini duniani anaijua kwa jina lake. Inatumika kwa mtu aliyegongwa na pikipiki, na pia kwa mwenye saratani. Katika nchi zetu, ambako homa ya ini aina ya B na sumukuvu ya mahindi na karanga huliandama ini kwa miaka bila kelele, mbinu hii ina fadhila moja ya ziada: utepe na kipande cha mpira havina gharama ya kutisha.

Anayejua ini lilivyo ataelewa kwa nini mbinu hiyo ilihitajika. Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita ndani yake: lita moja na nusu hivi kila dakika. Robo tatu ya damu hiyo inatoka utumboni ikiwa imebeba chakula, na robo moja inatoka kwenye ateri ikiwa imejaa oksijeni. Ndani ya ini damu haimo katika mirija michache ambayo mtu angeweza kuifunga mmoja mmoja. Imeenea kila mahali, katika vijia vyembamba visivyohesabika. Popote kisu kinapogusa, damu inatoka.

Kwa hiyo fundi hubana. Lakini kubana kwenyewe kuna elimu. Kwa baadhi ya watu kuna ateri ya pembeni inayochepuka kutoka kwenye mshipa wa tumbo na kuingia upande wa kushoto wa ini bila kupita kwenye ukanda. Asiyeitafuta mapema atabana, atakata, na atashangaa damu inatoka wapi. Tena damu inaweza kurudi kwa mlango wa nyuma, kupitia vena zinazoitoa damu kwenye ini kuelekea moyoni. Hapo mpasuaji hawezi kitu peke yake. Daktari wa usingizi, aliye upande wa pili wa pazia, ndiye anayepunguza maji ya mishipani ili shinikizo la vena likae chini, na ndiye anayejiandaa kwa sababu anajua kwamba utepe ukikazwa shinikizo la damu litapanda, na ukilegezwa litashuka. Wazoefu wawili wa namna hii hufanya kazi kwa maneno machache sana. "Nabana." "Sawa." "Naachia baada ya dakika moja." "Niko tayari."

Ini lenye afya likinyimwa damu kwa takriban saa moja, bado linaweza kupona. Lenye mafuta mengi au makovu halifiki huko. Ilichukua miaka kwa matabibu kutambua kwamba sehemu kubwa ya madhara haitokei wakati wa kunyimwa. Inatokea damu inaporudi.

Jambo hili lilinishangaza nilipokutana nalo mara ya kwanza, na bado linanishangaza. Seli iliyokosa oksijeni inaishiwa na nishati. Pampu zake zinazosukuma chumvi nje zinasimama, kalisiamu inaingia ndani, asidi inajikusanya. Hapo ungedhani damu mpya ni wokovu mtupu. Lakini mwaka 2014 kundi la watafiti lililojumuisha Edward Chouchani, Michael Murphy na Thomas Krieg wa Cambridge lilionyesha kwamba wakati wa ukame huo mitokondria hulimbikiza kitu kimoja kinachoitwa saksineti, katika moyo, ini, figo na ubongo. Oksijeni inaporudi, saksineti yote inachomwa kwa kishindo. Elektroni zinarudishwa nyuma kwenye mtambo wa mitokondria, na kutoka hapo zinamwagika chembe kali za oksijeni zinazounguza mafuta na protini za seli. Haya ni ya dakika za mwanzo. Yanayofuata ni ya saa nyingi. Seli zilizopasuka zinamwaga vitu vyao vya ndani, na seli za Kupffer, walinzi wakaao ndani ya vijia vya damu vya ini, zinavipokea kama dalili ya uvamizi. Zinaita seli nyeupe. Seli nyeupe zinafika kwa wingi kati ya saa ya sita na kesho yake, zinaziba vijia, na zinaumiza seli ambazo zilikuwa zimenusurika.

Aliyefunga mchana kutwa katika Ramadhani anaijua tahadhari inayotakiwa hapa: jua likizama huanza na tende na maji, uji ukafuata, na pilau ikangoja, kwa sababu tumbo lililokaa tupu halishambuliwi. Wapasuaji walijifunza kulifuturisha ini. Badala ya kubana mfululizo, wanabana dakika 15 na kuachia dakika 5, kisha wanabana tena, mpaka kazi iishe. Mwaka 1999 Jacques Belghiti na wenzake huko Ufaransa walilinganisha mbinu hizo mbili kwa wagonjwa, wakakuta kwamba ini linalobanwa kwa vipindi linavumilia vizuri zaidi, hasa likiwa lina ugonjwa tangu hapo, ingawa kila mara utepe unapolegezwa damu kidogo inapotea.

Dakika hizo tano ndizo ninazozipenda kuliko zote katika upasuaji wa ini. Mpasuaji haharakishi. Anaweka shashi juu ya jeraha, anakandamiza kwa kiganja, na anasubiri. Kwa mtu aliyefunzwa kutenda, kusimama hivyo huku damu ikipenya kwenye shashi kunahitaji moyo mgumu. Rangi inarudi kwanza kwa mabaka, kisha inaenea. Anayelijua ini analisoma kwa macho: kama sehemu fulani imebaki na weusi, kuna mshipa umeguswa huko.

Kisha likaja jambo geni zaidi. Mwaka 1986 Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walikuwa wakichunguza mioyo ya mbwa. Waliziba ateri ya moyo dakika 5, wakaifungua dakika 5, wakarudia mara nne, ndipo wakaiziba kwa dakika 40. Kwa kawaida ya hesabu, mbwa hao walipaswa kuumia zaidi kwa kuwa walinyimwa damu mara nyingi zaidi. Sehemu iliyokufa ya mioyo yao ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuandaliwa. Adha ndogo ilikuwa imeufunza moyo kuvumilia adha kubwa.

Pierre-Alain Clavien wa Zürich alilihamishia jambo hilo kwenye ini la binadamu. Mwaka 2000 alieleza wagonjwa ambao ini lao lilibanwa dakika 10, likaachiwa dakika 10, kisha likabanwa nusu saa kwa ajili ya kukatwa. Mwaka 2003 alirudi na wagonjwa 100 waliogawanywa kwa kura. Walioandaliwa hivyo waliumia kidogo kuliko wasioandaliwa, na faida ilionekana hasa kwa wenye umri mdogo na wenye mafuta kwenye ini. Sasa swali likabaki wazi kabisa: katika zile dakika kumi na kumi, ini linajifunza nini? Mkono wa fundi umeshatoka. Kuna kitu ndani kinachokumbuka.

Hapa inabidi tumgeukie yule mnyoo. Jina lake la kitaalamu ni Caenorhabditis elegans, anaishi udongoni, na mwili wake unapenya nuru. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Victor Ambros na Gary Ruvkun walikuwa wakihangaika na minyoo walioharibika ukuaji: wengine walirudia utoto mara kwa mara, wengine waliruka hatua. Jeni moja iliyohusika, lin-4, ilikataa kuonekana. Ambros na wenzake, Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum, waliikata vipande wakitafuta protini inayoitengeneza, na kila walipopunguza kipande, kazi iliendelea. Hatimaye walibaki na sehemu fupi isiyoweza kutengeneza protini yoyote. Ilitoa RNA ya herufi 22. Ruvkun kwa upande wake alikuwa ameshika jeni nyingine, lin-14, iliyodhibitiwa na ya kwanza. Jioni moja ya mwaka 1992 walisomeana herufi walizokuwa nazo, kila mmoja za jeni yake, wakaona kwamba ile RNA fupi inaweza kujipachika kwenye mkia wa ujumbe wa lin-14 na kuuzuia usisomwe. Walichapisha mwaka 1993. Kwa miaka saba watu wengi waliiona kuwa kioja cha minyoo tu, mpaka mwaka 2000 kundi la Ruvkun lilipotangaza ya pili, let-7, ambayo sisi binadamu nasi tunayo. Tuzo ya Nobel iliwafikia Ambros na Ruvkun mwaka 2024.

Sehemu ya jenomu yetu inayoandika protini ni ndogo sana, kama asilimia moja au mbili. Kwa muda mrefu sehemu iliyobaki ilidharauliwa. Leo tunajua kwamba humo hutoka RNA za kila namna zisizotengeneza protini: fupi kama hizi ziitwazo maikro-RNA, ndefu zinazozidi herufi 200, na nyingine ambazo ncha zake zimeungana zikawa duara. Maikro-RNA haimkati mtu kauli. Kwa herufi zake saba hivi za mwanzo inatafuta ujumbe unaolingana nazo, inajipachika, na protini ile inapungua, mara nyingi kwa kiasi cha wastani tu. Moja inaweza kugusa mamia ya jumbe kwa wakati mmoja, kila mmoja kidogo. Ni ubanaji usioziba kabisa, na unaweza kuachiwa.

Ini lina ya kwake. Inaitwa miR-122, iligunduliwa mwaka 2002 katika ini la panya, na inachukua takriban asilimia 70 ya maikro-RNA zote za kiungo hicho. Katika seli moja ya ini kuna nakala zake makumi ya maelfu. Katika viungo vingine ni nadra kuikuta. Kitu kinachotengenezwa kwa wingi namna hiyo, mahali pamoja namna hiyo, lazima kiwe na kazi nzito.

Kazi mojawapo ilielezwa mwaka 2021 na kundi la Cynthia Ju, Xiaoyi Yuan na Holger Eltzschig huko Houston, Marekani. Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu utafiti wao ni mzuri kwa namna ulivyojengwa.

Walianza na panya. Panya wa maabara ana gramu 25 hivi, na ini lake halizidi sana gramu moja. Katika utafiti wa aina hii mtafiti, akiwa ameinamia hadubini, anabana matawi ya damu yanayokwenda sehemu za kushoto na za kati, takriban asilimia 70 ya ini. Sehemu iliyobaki inaachwa wazi makusudi, ili damu ya utumbo ipate pa kupita. Ikizibwa yote, utumbo utavimba na mnyama atakufa kwa sababu isiyohusu ini. Joto la mwili lazima lishikiliwe karibu na nyuzi 37. Likishuka nyuzi chache, baridi yenyewe italilinda ini, na mtafiti atadhani dawa yake ndiyo iliyofanya kazi. Kando kuna panya wa kulinganishia, ambao hufunguliwa tumbo, huguswa palepale, na kushonwa bila kubanwa. Asiye na subira na panya hawa wa kulinganishia asisomwe.

Na RNA yenyewe haina uvumilivu. Vimeng'enya vinavyoikata viko kwenye ngozi ya vidole, kwenye vumbi la meza, ndani ya ini lenyewe. Kipande cha ini kinapokatwa kinatumbukizwa papo hapo katika naitrojeni kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Glovu zinabadilishwa, meza zinapanguswa, mirija inakaa kwenye barafu. Ucheleweshaji wa dakika chache unaweza kubadilisha jibu. Nikiona mchoro safi wa matokeo ya RNA kwenye jarida huwa nafikiria mikono iliyokuwa na ganzi kwa barafu.

Kundi la Houston lilipima maikro-RNA nyingi katika ini la panya lililobanwa na kuachiwa, na miR-122 ikajitokeza. Wakatengeneza panya ambao seli zao za ini hazina miR-122, wakalibana ini lao. Wakaumia zaidi ya kawaida. Hivyo basi inalinda. Kwa njia gani? Kila seli ina kidhibiti cha oksijeni kiitwacho HIF, ambacho kufahamika kwake kuliwapa Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin tuzo ya Nobel mwaka 2019. Oksijeni ikiwa tele, vimeng'enya viitwavyo PHD vinaitia HIF alama na inavunjwa. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi, HIF inabaki hai, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kuvumilia ukame. Ju na wenzake walionyesha kwamba HIF inaamrisha miR-122 itengenezwe zaidi, nayo miR-122 inapunguza PHD1, kimojawapo cha vile vinavyoitia HIF alama ya kuvunjwa. Kwa hiyo HIF inaimarika. Seli iliyobanwa inajishikia mlango wazi ili kinga yake isivunjwe mapema. Walipoongeza miR-122 kwa chembe ndogo mno zilizoibeba hadi kwenye ini, majeraha yalipungua. Mwisho walichukua vipande vya ini vya watu waliopandikizwa: baada ya ini kukaa bila damu na kurudishiwa, miR-122 ilikuwa juu na PHD1 chini, kama kwa panya.

Sisemi kwamba hilo ndilo jibu lote la swali la Zürich. Ziko RNA nyingine. Panya wasio na miR-155, kwa mfano, wanaumia kidogo damu inaporudi, kwa kuwa maikro-RNA hiyo huzichochea seli za kinga. MiR-223 nayo hutuliza hasira ya seli nyeupe. Kati ya zile ndefu, MALAT1 imehusishwa na mchafuko uleule. Makala ni nyingi, na ubora wake haulingani. Nyingine zinaongeza jina jipya kwenye orodha, zinachora mshale kutoka RNA hadi protini, na kuishia hapo. Nazithamini zaidi zile zinazorudi kwenye ini la mtu.

Kuna kazi ya Rotterdam ya mwaka 2012 ninayoiheshimu kwa sababu hiyo. Watafiti wa Erasmus MC walipima miR-122 na nyingine mbili katika damu ya watu waliopandikizwa ini. Seli ya ini ikipasuka, miR-122 inamwagika kwenye damu, na wao walikuta inapanda mapema kuliko vimeng'enya vya ALT na AST ambavyo kila maabara ya hospitali inavipima. Kwa kuwa ni nadra itoke mahali pengine, ni shahidi anayejulikana kwao.

Lakini mtu asidhani kwamba kitu kinacholinda kinaweza kuongezwa au kupunguzwa kiholela. Virusi vya homa ya ini aina ya C huitumia miR-122 kuzaliana. Wagonjwa walipewa kizuizi chake kiitwacho miravirsen, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha virusi vikipungua. Kwa upande mwingine, panya walioikosa tangu mwanzo hupata mafuta kwenye ini, makovu, na hatimaye saratani. Kitu kilekile, basi, kinatakiwa kwa saa fulani na kuzuiwa kwa saa nyingine. Pringle, Belghiti na Clavien walikuwa wakipambana na jambo hilohilo wakiwa na utepe mkononi.

Bahati ni kwamba ini ndicho kiungo kinachofikiwa na RNA kwa urahisi kuliko vyote. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha patisiran, dawa ya kwanza ya RNA fupi ya kunyamazisha jeni, inayofungwa ndani ya chembe za mafuta na kuchomwa mshipani. Ini lenyewe huzizoa chembe hizo. Dawa zilizofuata zimefungwa kwenye sukari ambayo seli za ini zina kipokezi chake maalumu, na zinachomwa chini ya ngozi. Hakuna hata moja ya dawa hizi iliyoidhinishwa kwa ajili ya ini linalobanwa au kupandikizwa. Barabara, hata hivyo, imeshalimwa.

Naamini barabara hiyo itapita kwanza kwenye mashine. Kwa miongo mingi ini la kupandikiza lilisafirishwa ndani ya barafu, katika maji ya kuhifadhia yaliyotengenezwa na Folkert Belzer na James Southard wa Wisconsin miaka ya 1980. Sasa ini linaweza kuunganishwa kwenye mashine inayolipitishia damu yenye joto la mwili. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018, la maini 220, lilionyesha kwamba majeraha yalipungua kwa nusu na maini yaliyotupwa yakapungua kwa nusu pia. Waholanzi wa Groningen walichagua baridi yenye oksijeni. Mwaka 2021 walionyesha kwamba wagonjwa walioziba mirija ya nyongo baada ya upandikizaji walikuwa asilimia 6 badala ya 18. Toronto nako, mwaka 2017, walilipitishia ini la nguruwe kizuizi cha miR-122 likiwa kwenye mashine, ili kulifanya lisikubali virusi vya homa ya ini aina ya C. Dawa haikulazimika kupita katika mwili mzima. Ilikutana na ini peke yake.

Na Clavien, yule wa dakika kumi na kumi, aliendelea. Mwezi Mei 2021 kundi lake la Zürich lilimpandikizia mgonjwa ini lililokuwa limekaa siku tatu kwenye mashine yao, ini ambalo vituo vingine vilikuwa vimelikataa. Siku tatu ni muda mrefu kwa maikro-RNA, ambazo kazi yao huonekana ndani ya saa kadhaa. Zinatosha kuliingizia ini miR-122, kukata kipande kidogo na kupima kama PHD1 imeshuka, kuongeza kipimo au kukisimamisha, na kupima tena, yote hayo mgonjwa akiwa bado hajalazwa kwenye meza.